KONA YA VITABU: Kukimbia tena

Mwezi huu tunasoma kitabu cha Gilbert Tuhabonye, mkimbiaji wa Burundi. Kinaitwa This Voice in My Heart, kilitoka 2006. Oktoba 1993, huko Kibimba, alinusurika moto ulioua wanafunzi wenzake. Aliungua vibaya, lakini alirudi mbioni, akawa kocha kule Austin, Marekani.

Kitabu ni cha Kiingereza, basi sisi walimu tunawasimulia watoto kwa Kiswahili. Mmoja wao, aliyeshuka Bandari ya Bujumbura miguu wazi, alikuwa haongei kabisa. Juzi akauliza: "Mwalimu, mtu aliyekimbia vita anaweza kukimbia kwa furaha?"

Sasa anakimbia nasi, saa kumi na mbili asubuhi. Wazazi, waleteni wenu. Viatu si lazima.