Tutajuaje kama tumefika?



Kwenye ukuta wa depo moja ya kahawa, upande wa ziwa Kivu, kuna karatasi kubwa iliyobandikwa tangu formasyo ya mwaka juzi. Siku hizi imegeuka rangi ya chai, na panya wamekula kona moja. Juu yake kuna malengo matatu ya koperative: kuongeza mazao, kuboresha kahawa, kuinua maisha ya wanamemba. Sisi ndio tulioyaandika, hatuwezi kukana, maandishi ni yetu. Juzi tulirudi pale kwa mkutano wa kujitayarisha kwa musimu, tukauliza watu kama yale malengo yalifikiwa. Kimya. Prezidenti akaangalia sekreteri, sekreteri akaangalia karatasi. Kisha mama mmoja wa kuchambua kahawa, aliyekaa karibu na mlango na mtoto mgongoni, akasema: "Agronomu, sisi tutajuaje?"

Tulikuwa na diplomu zetu, na jibu hatukuwa nalo.

Ukweli ni kwamba yale maneno matatu hayakuandikwa kwa ajili ya yule mama. Yaliandikwa kwa ajili ya rapoti. Mwenye kutoa feza za mradi anataka kuona malengo, agronomu anajaza malengo, komite inatia muhuri, kila mtu anarudi kwake. Hakuna aliyesema uongo. Lakini lengo ambalo hakuna mtu anayeweza kusema "tumelifikia" ao "tumelikosa" haliwezi kumuamsha mtu asubuhi aende kusafisha mashine ya kumenya.

Wengi wenu mumekaa kwenye formasyo ambamo mtu anaandika ubaoni herufi tano, SMART, na kuzifafanua moja kwa moja kwa Kifaransa. Herufi zile zilitungwa na Mmarekani mmoja, George Doran, katika makala ya mwaka 1981 aliyowaandikia wakubwa wa makampuni. Kuna jambo hatukufundishwa pale institi. Kwa Doran, herufi A ilikuwa na maana ya "nani anapewa hiyo kazi". Baadaye waalimu waliigeuza ikawa "lengo linaloweza kufikiwa", jambo ambalo lilikuwa tayari ndani ya herufi R. Basi jina la mtu likapotea njiani. Sisi tunaona kwamba koperative zetu zimeumia hapo hasa. Nenda ukasome mpango wa mwaka wa koperative yoyote unayoijua: "koperative itafanya", "wanamemba watafanya". Koperative haina mikono. Nani atapima? Nani atashika kaye? Siku gani?

Tuseme sasa juu ya hesabu moja tu, ile tunayoipenda kuliko zote, maana haiombi mashine wala intaneti. Inaomba mizani, kaye na bik. Ni hii: kilo ngapi za serizi zinatupatia kilo moja ya parche kavu?

Kwa arabika yetu, serizi ikiwa nyekundu, imeiva muzuri, na kazi ya stasyo imefanywa sawasawa, kilo 5 hivi za serizi zinatoa kilo moja ya parche. Kazi ikiharibika, zinaenda 6 na kupita. Mtu anaweza kusema tofauti ya kilo moja ni kitu gani. Tupige hesabu pamoja. Tuseme stasyo inapokea kilo 30 000 za serizi kwa musimu. Kwa 5, inapata parche kilo 6 000. Kwa 6, inapata kilo 5 000. Kilo 1 000 zimepotea, yaani mifuko 20 ya kilo 50, na serizi zile zote zilikwisha kulipwa. Hasara hiyo haionekani kwa macho. Hakuna mwizi aliyevunja mlango. Mwisho wa mwaka tu, wanamemba wanaambiwa kwamba faida ya kugawa haipo, na kila mmoja anamuangalia prezidenti kwa jicho baya.

Uzuri wa hesabu hii ni kwamba inaonyesha mahali pa kutafuta. Ikipanda wiki moja kutoka 5 hadi 5 na nusu, kuna milango michache tu ya kubisha. Labda serizi za kijani zilipokelewa. Labda bakuli la maji la kuchagua serizi zinazoelea lilirukwa siku ya foleni ndefu, na zile nyepesi zilizotobolewa na mdudu zikapimwa kama nzima. Labda mashine ya kumenya imefungwa vibaya inakata punje, ao inatupa punje pamoja na maganda: nenda kwenye shimo la maganda, ingiza mkono, utajua. Labda parche ilikaushwa kupita kiasi. Wanunuzi wanataka unyevu wa 11 ao 12 kwa mia. Ukishuka sana chini ya hapo umeuzia jua kilo zako, ukibaki juu yake kuvu inakungoja ndani ya mfuko. Ao mizani yenyewe inadanganya. Tulikwisha kuona mizani iliyokuwa inadanganya miezi mizima kwa sababu hakuna aliyeweka juu yake jiwe lenye uzito unaojulikana. Jiwe! Haiombi mradi.

Katika stasyo moja tuliyoifuata kwa karibu, kijana wa mizani na mama wa meza za kukaushia walikubaliana kupiga hesabu hiyo kila wakati kundi moja la kahawa linapotoka kwenye meza. Namba iliandikwa kwa chaki kwenye mlango wa depo, na majina yao wawili chini. Hatukuongeza mshahara, hatukuleta mashine. Lakini maongezi yalibadilika. Zamani walikuwa wanasema "mwaka huu tumejikaza". Sasa kijana anakuja kutuuliza sababu gani kundi la kijiji fulani linatoa vibaya kuliko la kijiji kingine, na anaomba tupande naye huko. Tulipanda. Serizi zilikuwa zinavunwa asubuhi, zinakaa ndani ya mifuko iliyofungwa zikingoja motari, zinafika stasyo kesho yake zikiwa zimechemka. Tatizo halikuwa la walimaji, lilikuwa la usafiri, na pale ndipo komite ilipoweka nguvu. Bila ile namba ya chaki, tungeendelea kuwahubiria wale walimaji juu ya kuvuna serizi nyekundu, na walikuwa wanavuna nyekundu.

Lakini namba pia zinaharibu, na hapa tunataka kuwa wakweli, kwa sababu tumeona wataalamu wanaosifu vipimo kama dawa ya kila ugonjwa.

Kuna koperative iliyoweka lengo la kilo peke yake: kila mpokezi wa serizi afikishe kiasi fulani kwa wiki, akifikisha anapata zawadi. Kwa karatasi, lilikuwa lengo zuri kabisa: lina namba, lina siku, lina jina la mtu. Wapokezi walifikisha, tena walipita. Walipokea nyekundu, walipokea njano, walipokea kijani, na mwisho wa musimu mnunuzi alionja kahawa akashusha bei. Wale vijana hawakufanya kosa, walifanya kile tulichopima. Basi ukiweka namba ya wingi, weka pembeni yake namba ya uzuri: kilo zilizopokelewa, pamoja na kilo zilizorudishwa kwa sababu hazijaiva. Mpokezi asiyerudisha hata kilo moja kwa musimu mzima, sisi tunamuogopa.

Na miche! Kila mwaka rapoti zetu, hata katika gazeti letu hili, zinahesabu miche iliyogawiwa. Mche uliogawiwa hauzai kahawa. Unaozaa ni ule ulioshika baada ya kiangazi. Sisi maagronomu tungekuwa na haya kidogo, tungerudi shambani mwezi wa tisa kuhesabu iliyo hai, na kuandika hiyo. Tunaandika ile ya kugawa kwa sababu siku ya kugawa tuko pale na picha inapigwa.

Tuje kwa jambo ambalo wanamemba wenyewe wanalitaja mbele ya yote: falanga. Ukiwauliza walimaji koperative yao ipimwe kwa kitu gani, ni wachache watakaotaja kwanza alama za waonjaji. Watasema: siku ngapi tangu nilete serizi mpaka nishike falanga mkononi? Biashara ndogo anafika na falanga taslimu, hata kama bei yake ni ya chini, hata kama kopo lake la kupimia lina tumbo kubwa. Mama mwenye mtoto aliyefukuzwa masomo hawezi kula ahadi ya koperative. Wazee wa kandokando ya ziwa wanakumbuka vizuri miaka ambamo kahawa ilivushwa usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, na watu wengi walizama na mizigo yao. Hawakufanya vile kwa kukosa akili, walifuata mahali falanga inapopatikana haraka.

Kwa hiyo tunasema: siku za kungoja malipo ziwe lengo la kwanza la komite, liandikwe mbele ya kilo na mbele ya miche. Kama musimu uliopita watu walingoja siku 30, komite iseme mwaka huu tunataka 15, na jera ndiye mwenye kujibu. Kila risiti iwe na tarehe mbili, ya kuleta na ya kulipwa. Ndiyo hesabu yote.

Tunajua jibu la maprezidenti, tumelisikia mara nyingi: feza za kununulia zinatoka kwa mnunuzi ao benki, zikichelewa mimi nifanye nini? Ni kweli. Koperative haiwezi kujipa lengo juu ya kitu kisicho mikononi mwake. Bei ya arabika inafuata soko la New York, barabara inafuata mvua, na vita haimuombi mtu ruhusa. Lakini angalia vizuri. Tarehe ya kupeleka ombi la feza iko mikononi mwetu. Kiasi cha serizi tunachopokea siku ambayo sanduku liko tupu, kiko mikononi mwetu. Kumuambia mwanamemba mapema, "wiki hii hatuna, ungojee ao uuze pengine", iko mikononi mwetu pia, na mlimaji anaheshimu neno hilo kuliko risiti isiyolipwa. Kile ambacho hakiko mikononi, tukiandike pembeni ili tukikumbuke, tusimpigie mtu kelele juu yake.

Jibu la pili la wakubwa ni zito zaidi: namba zinaleta ugomvi na haya. Mtu anasomewa mbele ya wote kwamba kazi yake imeshuka, atarudi nyumbani na uchungu. Hatulipuuzi. Kuna jera mmoja tuliyemsifu sana kwa kaye yake safi, mpaka siku moja tulipogundua kwamba unyevu wa kila kundi ulikuwa 12, tangu mwezi wa nne hadi wa sita, jua likiwaka ao mvua ikinyesha. Hakuna kahawa ya namna hiyo. Alikuwa ameona mwenzake anafokewa kwa sababu ya 14, akajifunza. Kosa lilianza kwetu sisi tuliofoka. Tangu siku ile, namba mbaya ikisomwa, swali letu la kwanza ni "unahitaji nini?", na tumeomba komite zifanye vile. Mwenye kuandika 14 kwa ukweli ametuokolea mifuko, mwenye kuandika 12 ya uongo ametuuzia kuvu.

Tena malengo yawe machache. Mawili, matatu yakizidi. Koperative yenye malengo 15 inamlisha mtu wa rapoti, na stasyo haipati kitu. Yasomwe kwa sauti, kwa Kiswahili ao kwa lugha ya kijiji, siku moja iliyojulikana ya kila wiki wakati wa musimu, nje, mahali ambapo hata asiyejua kusoma anasikia. Mkutano mkuu wa kila mwaka, ambao sheria ya OHADA inauomba kwetu tangu nchi yetu iingie humo mwaka 2012, hautoshi. Wakati huo kahawa imekwisha kuuzwa, na kilichobaki ni kulaumiana.

Tulimaliza ule mkutano wa depo jua likishuka. Karatasi ya zamani ilitolewa ukutani, ikageuzwa, maana karatasi mpya haikuwepo. Nyuma yake sekreteri aliandika mistari miwili tu: kilo 5 na robo za serizi kwa kilo moja ya parche, siku 15 za kungoja falanga. Pembeni ya mstari wa kwanza jina la yule mama wa mlangoni pamoja na kijana wa mizani, pembeni ya wa pili jina la jera. Jera aliomba iandikwe siku 20. Watu walibishana naye karibu saa nzima, na ikabaki 15, kwa sharti kwamba prezidenti apeleke ombi la feza kabla ya mwisho wa Januari. Musimu unafunguka Machi. Wiki ya pili ya Aprili tutakuwa pale na jiwe letu la kupimia mizani.