Bei ya Mti Si Unene wa Shina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme machache kuhusu ukataji wa miti mikubwa majumbani hapa Dar es Salaam. Wananchi wengi hulalamika kwamba wakataji ni walanguzi, maana mti wa huyu hukatwa kwa bei nafuu, na wa jirani, ulio mwembamba zaidi, huitishwa mara tatu.

Walanguzi wapo. Lakini kinacholipiwa hapa si kukata, ni kuteremsha. Mwembe uliosimama peke yake shambani Mkuranga huangushwa mara moja, kazi imekwisha. Mwembe huo huo ukiwa Magomeni, kati ya bati la huyu, choo cha yule na nyaya za umeme, lazima mtu apande, akate tawi moja moja na kulishusha kwa kamba. Gogo lenye upana wa sentimita 50 na urefu wa mita 5 ni karibu mita moja ya ujazo, na likiwa bichi laweza kukaribia tani moja. Huo si mzigo wa kirikuu! Uchochoro usipopitisha gari, vijana hulibeba vipande vipande. Kisiki nacho ni kazi mbali. Na mti uliooza, ambao mwenye nyumba hudhani ni rahisi, huweza kuwa ghali kuliko mzima, kwa sababu mpandaji hana tawi la kuamini.

Sasa mwenye nyumba anaposema "chukueni kuni, ndiyo malipo yenu", kinachopunguzwa ni kamba, kofia ngumu, msaidizi wa chini, na subira ya kungoja TANESCO wazime umeme. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tunayo tangu 2003, lakini kijana wa kibarua hupanda peku, panga kiunoni. Akianguka, ndugu zake ndio wanaochangishana.

Nashauri viongozi wa serikali za mitaa wakague miti ya hatari Januari na Februari, kabla ya masika. Nyumba tano zikimwita fundi mmoja siku moja, gharama ya gari na vifaa hugawanyika. Mti ukishaegemea paa usiku wa mvua, hakuna tena kupatana bei.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam.