Amepona, Lakini Msilale

Sisi tunaouguza watoto wa kichwa kikubwa tunajuana. Tunajuana kwa macho mekundu na kwa ile futi kamba ya fundi cherehani isiyotoka kwenye pochi. Upasuaji wenyewe wala si kitu: unakaa kwenye benchi, unamaliza dua zote unazozijua, mtoto anatolewa na bandeji kichwani, daktari anasema mpira umekaa vizuri, maji yatateremka kutoka kwenye ubongo hadi tumboni na mwili utayanyonya. Ndugu wanapigiana simu: amepona! Siku hiyohiyo michango inafungwa.

Asichotangaza mtu ni kwamba mpira huo huziba. Unaweza kuziba wiki ijayo, unaweza kuziba akiwa darasa la pili, na miezi ya mwanzo wadudu nao wanautafuta. Basi ndiyo ajira yetu hiyo. Utosi tupapase: umetulia au umetuna? Kichwa tupime, tuandike kwenye daftari. Macho tuyachunguze yasije yakawa yanaangalia chini tu. Mshono usilowe, usikunwe, usipakwe mafuta ya bibi. Akilia, wasiwasi, akisinzia sinzia, wasiwasi mara mbili. Akipata homa, duka la dawa wanatutolea ya malaria kabla hatujamaliza kueleza.

Kliniki tunaenda kwa daladala, na humo kila abiria ni mtaalamu. Huyu anauliza ulimkosea nani, yule ana namba ya mganga. Mawifi wanataka kujua kama kwenu ugonjwa huu upo. Baba mtoto yuko safarini, safari yenyewe haina kituo.

Kule Mbale, Uganda, kwa zaidi ya miaka 20 sasa kuna watoto wanaotobolewa njia ya maji humo humo ndani ya ubongo, mpira hawaachiwi. Tunawaonea wivu, ingawa nao hawasamehewi kliniki.

Halafu kuna kutapika. Mtoto wa jirani akitapika usiku anapewa maji ya chumvi na sukari, analala. Wetu anafungwa kanga, bodaboda anaamshwa, mama wa genge anakopwa, tunafika, tunasubiri, anapapaswa utosi, anamulikwa macho. Daktari anauliza alikula nini. Ndizi, tunasema. Basi ni ndizi, anasema.

Nauli ya kurudi hatuna.