Mwangaluka saa nne usiku?!

Nilipotea kidogo, si mnajua mambo ya testi, na bumu lenyewe ndo limekata. Leo nina hasira, mnivumilie.

Jana usiku Bibi kanipigia kutoka Bariadi. Tumepiga Kisukuma kama dakika kumi hivi. Kukata simu tu, chumba kizima kikaanza: "Mwangaluka! Mwangaluka!" Wanacheka mpaka vitanda vinatikisika. Jamani, mwangaluka ni salamu ya asubuhi! Saa hizo tunasema mwadila. Ukitaka kumtania mtu kwa lugha yake, basi angalau ijue.

Mnaita "kilugha". Kilugha gani chenye wasemaji zaidi ya milioni 5, kama ilivyoonyesha Atlasi ya Lugha za Tanzania ya 2009? Mnasema hatujui kutamka. Sawa, r inatusumbua. Lakini Kisukuma kina irabu 7, Kiswahili kina 5. Hapo nani kapungukiwa? Hebu tamkeni Ng'wandu bila kugeuza Mwandu, nawasubiri.

Halafu eti hakina maneno. Kiazi kikikatwa kibichi na kuanikwa ni michembe. Kikichemshwa kwanza ndo kikaanikwa ni matobolwa. Nyie mnasema nini? "Viazi vikavu." Haya, na Ikulu je? Ikulu ilikuwa makazi ya mtemi kwa Wasukuma na Wanyamwezi kabla haijawa ya Rais. Mbona hilo hamlicheki?

Ila wanaoniudhi zaidi ni nyie wenzangu wa Simiyu. Maswa, Meatu, Itilima, Busega, wote nawajua! Mkifika chuo mnajifanya mmezaliwa Sinza. Mama akipiga simu mnatoka nje kupokea. Najua kwa nini, maana hata mimi shule ya msingi nilivishwa kibao shingoni kwa kusema Kisukuma, nikaamini ni uchafu. Lakini sasa tumekua, kibao tumejivisha wenyewe.

Uskoti nako watoto walifundishwa kwamba Kiskoti ni Kiingereza kibovu. Sensa ya 2011 ilipowauliza, zaidi ya watu milioni 1.5 walisema wanakizungumza, na mwaka 2025 bunge lao likakipa hadhi ya lugha rasmi. Wao waliacha kuona aibu. Sisi je?

Kilichoniuma kweli ni hiki. Jana Bibi alitumia neno nisilolijua. Akanieleza, nikataka kuliandika, nikakwama. Ile i yake si i ya Kiswahili, wala si e. Nipo mwaka wa tatu chuo kikuu na siwezi kuandika neno la bibi yangu! Na Bibi anazeeka. Akiondoka, naye neno linaondoka.

Basi nimenunua daftari. Kila Jumapili nampigia, maneno matano, hapo hapo chumbani, kwa sauti. Atakayecheka acheke, ila baada ya saa sita mchana aseme mwadila.