Baridi ya Mbulu na Upotofu Kuhusu Nyoka wa Kufugwa

Imani kwamba nyoka, kwa kuwa huitwa mnyama wa damu baridi, hadhuriki na baridi, na kwamba nyoka wa Kitanzania akifugwa Tanzania hahitaji kupashwa joto, imeenea kuliko inavyostahili. Kumwita mnyama wa damu baridi ni kusema tu kwamba mwili wake hauzalishi joto la kuutosheleza, hivyo hulazimika kulitafuta nje. Anayetegemea joto la nje ndiye wa kwanza kuumia linapokosekana.

Ziwa Manyara liko takriban meta 960 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Mbulu umepita meta 1,700, na kwa kuwa joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzijoto 0.6 kila meta 100 za mwinuko, chatu anayetolewa bondeni kando ya ziwa hilo na kupandishwa Mbulu hupoteza zaidi ya nyuzijoto 4 kabla hata kipupwe cha Juni na Julai hakijaingia. Kwa hiyo kusema kwamba nyoka huyo "yuko kwao" ni kuisoma ramani ya nchi bila kuitazama milima yake.

Wanaoitetea imani hiyo wana hoja moja nzito: porini Mbulu na Hanang wapo nyoka, na hakuna anayewawashia taa. Hoja hiyo hujibiwa na utafiti wa Raymond Cowles na Charles Bogert, ambao mwaka 1944 walionyesha kwamba reptilia wa jangwani hudhibiti joto la miili yao kwa kuhama kati ya jua na kivuli. Vivyo hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 nchini Afrika Kusini ulionyesha kwamba chatu jike anayeatamia huota jua nje ya shimo hadi mwili wake ukaribie nyuzijoto 40, kisha hurudi kuyazingira mayai kwa joto hilo. Kinachomwokoa nyoka wa porini, basi, si ugumu wa mwili bali uhuru wa kuchagua kati ya mwamba uliopata jua, kichuguu na shimo, na uhuru huo ndio unaoondolewa na kizimba cha kioo.

Imani hii hudumu kwa sababu nyoka aliyepoa hulegea, naye mfugaji humdhania kuwa amefugika, ilhali mmeng'enyo wa chakula umezorota, panya aliyemezwa anaweza kuozea tumboni au kutapikwa, na kinga ya mwili imeshuka hata mapafu yakawa rahisi kuambukizwa.

Tiba yake si kupasha kizimba kizima, kwani joto la namna moja nalo humnyima nyoka chaguo. Chatu huhitaji upande mmoja wenye takriban nyuzijoto 30 hadi 32 na mwingine wenye 25 hivi, kila upande ukiwa na kipimajoto chake na maficho yake, na chanzo cha joto kikiongozwa na themostati, yaani kifaa kinachokiwasha na kukizima kulingana na kiwango kilichowekwa, kwa sababu taa au mkeka wa umeme usiodhibitiwa unaweza kumuunguza mnyama. Kukiweka kizimba juani ni hatari vilevile, kwa kuwa kioo hunasa joto na nyoka hana pa kukimbilia. Nalo jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, umeme unapokatika, hutoa hewa yenye sumu inayoweza kumuua nyoka pamoja na mwenye nyumba. Badala yake, chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa husaidia kuvusha usiku.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumchukua nyoka porini na kumfuga bila kibali, lakini kibali peke yake hakimpashi mnyama joto. Asiyeweza kumpatia nyoka pande mbili za joto, usiku na mchana, mwaka mzima, na amwache porini.