Sonia Johnson hakuharibiwa na watu wa nje

Mwanamke akiacha kanisa kwa sababu ya haki zake, maelezo huwa tayari mdomoni: wanaharakati wamemharibu. Nimeyasikia kwenye kwaya ninayoimba, nimeyasikia hata misibani. Kwa wanaosema hivyo, nina habari za Sonia Johnson.

Johnson alizaliwa 1936 katika jimbo la Idaho, Marekani, kwenye ukoo wa Wamormoni wa vizazi na vizazi. Alikuwa mama wa watoto wanne, mwenye shahada ya uzamivu, na ndiye aliyepiga kinanda ibadani katika kata yake, yaani usharika wake, huko Virginia. Hakuwa muumini wa Pasaka na Krismasi. Na kilichomwamsha, kwa maelezo yake mwenyewe katika kitabu alichokitoa 1981, ni kikao cha kanisa.

Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilipitisha marekebisho ya Katiba: mtu asinyimwe haki mbele ya sheria kwa sababu ya jinsia yake. Yalihitaji kuridhiwa na majimbo 38. Mwaka 1976 Urais wa Kwanza, yaani uongozi wa juu wa kanisa hilo, ukatangaza kuyapinga, na viongozi wakaja kuwaeleza waumini sababu. Johnson alikwenda kusikiliza. Sababu alizopewa hazikumwingia akilini, na dharau aliyoisikia katika sababu hizo ilimchoma. Aliingia kikaoni muumini mwenye maswali, akatoka mtetezi wa wanawake.

Mwaka 1978 yeye na wenzake wachache walianzisha kikundi cha Wamormoni waliounga mkono marekebisho hayo. Agosti mwaka huo alitoa ushahidi mbele ya kamati ndogo ya Seneti, akavutana na Seneta Orrin Hatch, Mmormoni mwenzake. Desemba 1979 akaitwa kuhukumiwa na askofu wake na washauri wawili wa askofu, wanaume watupu. Akatengwa. Kanisa lilisisitiza kwamba hakutengwa kwa msimamo wake kuhusu marekebisho, bali kwa maneno yake dhidi ya viongozi na kazi ya umisionari. Kipindi hichohicho ndoa yake nayo ikavunjika.

Kuna aliyemfundisha ukaidi huo? Wapo, nao ni bibi zake katika imani. Wanawake wa Utah, wengi wao Wamormoni, walianza kupiga kura 1870, miaka 50 kabla ya Katiba ya Marekani kuwahakikishia wanawake haki hiyo nchi nzima. Mwaka 1896 Dk. Martha Hughes Cannon, Mmormoni, alichaguliwa kuwa seneta wa jimbo hilo katika uchaguzi ambao mumewe naye alikuwa mgombea.

Sisi Waafrika tuna sababu yetu ya kuifuatilia habari hii. Mpaka Juni 1978 kanisa hilo halikuwapa wanaume weusi ukuhani. Mwezi huo viongozi wakatangaza kwamba wamepata ufunuo, na mlango ukafunguliwa. Leo lina mahekalu Kinshasa na Nairobi. Kwa hiyo mwanamke akiambiwa kwamba mambo haya ni ya Mungu wala hayabadiliki, ana haki ya kukumbusha Juni ile. Kate Kelly, wakili Mmormoni, aliomba wanawake nao wapewe ukuhani, ambao wakati huo wavulana waliupata wakifikisha miaka 12. Mwaka 2014 naye akatengwa.

Marekebisho aliyoyapigania Johnson yalikwama 1982, majimbo 35 tu yakiwa yameridhia. Viongozi walishinda, lakini swali lake lilibaki palepale, na aliyeliuliza kwa upendo walikuwa wameshamfukuza.

Mimi si Mmormoni, wala sina mpango wa kuhama kanisa langu. Lakini nayajua makanisa yetu. Akina mama ndio wanaofagia, ndio wanaokesha jikoni ugeni wa askofu unapokuja, ndio wanaojaza bahasha za ahadi. Siku moja mmoja wao atasimama kikaoni aulize kwa nini fedha zinapopangiwa matumizi yeye hayumo. Wazee wa kanisa, mjibuni kwa hoja, kama mnavyomjibu mwanamume. Hoja ikikosekana, kirini mbele yake kwamba hamna. Msianze kumtafuta aliyemharibu.