Masharti ya daraja la Likoni yawekwe wazi

Kila avukaye Feri anajua kwa nini Mombasa inahitaji daraja la kudumu kati ya kisiwa na Likoni. Ajali ya feri ya Mtongwe ya Aprili 1994 iliua zaidi ya watu 250, na daraja la kuelea la Liwatoni lilijengwa kwa waendao kwa miguu tu. Lakini kutia saini mkopo wa Japani wa kujenga daraja la kudumu si kupokea pesa. Mkopeshaji wa aina hii hutaka kwanza aone ardhi imepatikana na athari kwa mazingira zimetathminiwa. Miongozo ya JICA, shirika la Japani linalotoa mikopo hiyo, inataka pia wanaohamishwa walipwe fidia, kadiri iwezekanavyo, kabla hawajahama.

Wapo wanaosema masharti haya huchelewesha mradi na kuipokonya nchi uhuru wake. Kweli, kuchelewa kuna gharama, ila sharti la fidia halikuzuliwa Tokyo: Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 kinaagiza fidia ya haki, tena ya haraka. Serikali iliyojiandaa mapema haikwamishwi na jambo ambalo sheria yake yenyewe inalidai. Hatari iko kwenye masharti yanayofichwa. Mikopo ya China ya kujenga reli ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi ilitiwa saini 2014, lakini serikali ilitoa hadharani sehemu ya mikataba hiyo Novemba 2022, treni zikiwa zimeshaanza safari na deni likilipwa. Kwa daraja hili, masharti yachapishwe sasa, pamoja na hatua iliyofikiwa kwa kila moja, ili mwenye nyumba Likoni adai haki yake kabla tingatinga halijafika.